Shajara ya mradi: Kassimu, Zuhura na machozi yaliyozidi

11 Januari

Nimemaliza rasimu ya kwanza ya hadithi ya tatu. Kwa anayeanza kusoma leo, mradi ni hadithi fupi sita za mafundi na wasanii wa hapa Kigoma, naandika usiku nikishafunga kibanda (mi ni wakala wa miamala, Mwanga), naandika kwenye simu alafu mwisho nahamishia kwenye kompyuta ya rafiki yangu mwalimu wa sekondari. Mbili za kwanza, ya fundi cherehani na ya wale vijana wa ngoma, zimeshakaa. Hii ya tatu nilikua naizunguka tangu mwaka jana maana inamhusu mwandika vibao, na baba yangu alikua mwandika vibao.

Stori kwa kifupi: Kassimu anaandika majina ya mitumbwi pale Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, zamani alikua anaandika maduka, saluni, mahoteli, mpaka mashine za kuprinti fleksi zilipofika mjini kila mtu akaanza kutundika bango lenye picha, yeye akabaki na mitumbwi kwa sababu stika ikikaa kwenye maji inabanduka na rangi ya mafuta inakaa. Mke wake Zuhura anaimba taarabu kwenye maharusi. Hela hakuna. Wanapendana.

Maneno 4,312. Nimeweka nukta ya mwisho saa nane usiku nikiwa nalia kabisa, na nikasema kama mimi mwenyewe imeniliza basi imefika.

14 Januari

Nimewasomea watu wawili. Mwalimu alilia, alilia pale Kassimu anapokohoa damu ikadondokea kwenye kopo la rangi nyeupe. Nikafurahi sana.

Wa pili ni dada mwenye saluni jirani na kibanda changu, huyu ana maneno mengi kawaida yake ila nilivyomaliza akanyamaza, akaendelea kusuka, alafu baadae akaniambia "mdogo wangu usinune, mi nilikua nahisi kama mtu kanishika kisogo ananiinamisha ili nilie. Sasa mi nikishikwa kisogo nakaza shingo."

Nimenuna.

19 Januari

Siku nne sijafungua faili. Leo nimelifungua na nimesoma kama vile sio langu.

Jamani. Kassimu ana kifua kikuu, mtoto hana viatu, mwenye nyumba anakuja kudai kodi siku ileile mvua inanyesha, paa linavuja na linavujia juu ya picha pekee ambayo Kassimu aliichora kwa moyo wake wote, Zuhura anauza hereni alizoachiwa na marehemu mama yake, na huko mwisho Kassimu anakufa dirishani akiangalia ziwa usiku wa mwezi mpevu na taa za wavuvi zimetapakaa majini kama nyota. Hakuna kitu kimoja hapo ambacho hakitokei, vyote vinatokea, mi mwenyewe naishi Kigoma naviona. Ila vyote vimemkuta mtu mmoja ndani ya wiki mbili, na vimepangwa foleni kila kimoja kinasubiri kingine kimalize kuliza ndo kiingie.

Nimetumia ile sehemu ya kutafuta neno. Machozi mara 23. Moyo mara 31. Taratibu mara 17, yani kila mtu anafanya kitu taratibu, anainuka taratibu, anageuka taratibu, anafungua mlango taratibu.

Na Liemba nimeiweka. Nilikua nimemfananisha Kassimu na Liemba, meli ilitengenezwa Ujerumani 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 ili isichukuliwe, ikaibuliwa 1924 na ikarudi kufanya kazi, kwa hiyo na Kassimu amezama lakini jina lake litaibuka. Nilivyoandika nilijiona nimepata kitu kikubwa. Leo naisoma naona meli ile inajitosheleza yenyewe na Kassimu nae anajitosheleza mwenyewe, mimi ndo nimewafunga kamba moja ili msomaji asikie uzito. Nimeifuta aya yote, maneno 190. Imeniuma kidogo.

27 Januari

Hili haliko kwenye mradi lakini naliandika kwa sababu limebadilisha kazi.

Juzi kulikua na msiba mtaani kwetu, baba mmoja jirani, mtu wa makamo. Mi nilikua nimekaa na wanawake ndani, karibu na mlango. Akaja mama mmoja, alianza kupiga kelele tangu barabarani, akafika mlangoni akajitupa chini, wakamshika watu watatu, kila mtu akawa anamuangalia yeye. Simsemi vibaya, kila mtu ana kilio chake na huenda marehemu alimsaidia mambo ambayo sisi hatuyajui. Ila mimi macho yangu yalikua makavu.

Alafu mjane, ambae alikua ameegemea ukuta kimya, akamuita shemeji yake kwa sauti ya chini, akamuuliza "lile sufuria kubwa limesharudishwa? Watu wa Kasulu wakifika watapikiwa kwenye nini?"

Hapo ndo nililia. Nililia mpaka nikatoka nje.

Nimerudi nyumbani nikawa nawaza sufuria tu. Yule mama mjane hakusema ameumia, alikua anafanya hesabu ya wageni wa mume wake, na mume wake hayupo tena wa kumsaidia hesabu. Na kwenye hadithi yangu nani anaulizia sufuria? Hakuna. Wote ni wale wanaoanza kulia tangu barabarani, na anaewaongoza ni mimi msimuliaji, nalia kuliko wafiwa.

2 Februari

Kazi ya wiki hii ni kufuta tu. Naweka hapa mfano mmoja ili nikumbuke.

Ilikua hivi: "Zuhura alimtazama mume wake kwa macho yaliyojaa machozi, moyo wake ukapasuka alipoiona mikono ile iliyochoka, mikono iliyoupa mji mzima rangi lakini yenyewe ikabaki mitupu."

Sasa iko hivi: "Tina ilikua imeisha. Zuhura akachota mawese kidogo, akamsugua Kassimu vidole kimoja kimoja mpaka rangi ya bluu ikatoka, ikabaki njano ya mawese."

Hiyo ya mawese nimeiona kwa macho yangu. Tina ikiisha nyumbani baba alikua anatoa rangi kwa mawese alafu ananawa kwa sabuni ya mche, na siku hiyo anakula ugali mikono inanuka vyote viwili. Sijui kwa nini rasimu ya kwanza sikuiweka hii nikaenda kuweka hereni za marehemu. Nadhani niliona mawese ni kitu cha kawaida mno, haifai kwenye fasihi, hereni ndo zinafaa. Hereni sikuwahi kuziona popote, nimezitoa kwenye tamthilia.

Maneno 3,480.

8 Februari

Leo nimemponya Kassimu. Kifua kikuu kimetoka chote, na kikohozi, na damu kwenye kopo.

Shida ni kwamba stori imeanguka. Ugonjwa ulikua unabeba kila kitu, kwa nini hawana hela (dawa), kwa nini Zuhura anaimba hata akiwa amechoka (dawa), kwa nini mwisho ni mwisho (kafa). Nimebaki na mume anaandika mitumbwi na mke anaimba harusini, hawana hela basi tu.

Mwalimu akaniuliza kwa hiyo sasa hivi msanii kwenye hadithi zako haruhusiwi kufa. Anaruhusiwa. Edward Saidi Tingatinga, aliezaliwa 1932 huko Tunduru, akaenda kufanya kazi kwenye mkonge Tanga, akahamia Dar es Salaam, akaanza kuchora 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye mbao za kuezekea dari, akawa anauza picha zake pale Morogoro Stores, na 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni mhalifu. Miaka minne tu ya kuchora, na leo ukienda kokote Tanzania picha za namna yake zinauzwa. Nikimsimulia mtu hayo sihitaji kuongeza mvua. Tena nikiongeza mvua naharibu, maana mtu anaanza kuangalia mvua yangu badala ya kumuangalia Tingatinga.

Kwa hiyo kifo sio tatizo, tatizo Kassimu nilimuua kwa sababu nilikua nataka kitu cha kumalizia.

15 Februari

Ndefu ya leo, mnisamehe.

Nilifunga kibanda mapema nikapanda bajaji mpaka Kibirizi kwa baba mdogo, mdogo wake baba, anavua dagaa tangu sijazaliwa. Nimemkuta anashona wavu chini ya mti. Shikamoo, marahaba, habari za mama yako, nzuri, nimekuletea sukari, ahsante mwanangu. Nikamuomba anisikilize nimsomee mwisho wa hadithi.

Nimeiweka hadithi mwaka 2024, ule mwaka serikali ilipofunga uvuvi ziwani miezi mitatu, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wazaliane. Mwisho ni usiku ziwa linafunguliwa, mwezi mpevu, taa za vipe (mitumbwi ya kuvulia dagaa) zimejaa ziwani, Kassimu (kwenye rasimu hii alikua hafi tena, analia tu) anaziangalia.

Baba mdogo akaacha sindano. Akauliza "hiyo taa na huo mwezi vimekaaje pamoja?"

Nikamuuliza kivipi baba mdogo.

Akanieleza kama anavyomueleza mtoto, na mi mtoto wa Kigoma nilipaswa kujua. Dagaa anafuata taa. Unawasha taa, dagaa wanakusanyika chini yake, unanyanyua wavu ulioning'inia katikati ya mitumbwi miwili. Sasa mwezi ukiwa mkubwa maji yote yana mwanga, dagaa hana sababu ya kuja kwenye taa yako, kwa hiyo siku za mbalamwezi watu wanapumzika, wanashona nyavu, wanarekebisha mitumbwi. Unasubiri giza. "Tena mwaka huo ziwa lilipofunguliwa mwezi ulikua umebakiza kama siku nne kujaa. Sisi tulifunguliwa ziwa tukafungiwa na mwezi. Kipe chetu kilisubiri giza lirudi ndo tukatoka."

Nilikaa pale nikawa naangalia maji. Nilikua nimeweka mwezi kwa sababu mwezi ni mzuri na nimeweka taa kwa sababu taa ni nzuri, nikaviunganisha nipate uzuri mara mbili, kumbe vinakataana na mtu yeyote wa hapa pwani ya ziwa anajua. Nilitaka machozi kuliko nilivyotaka Kibirizi.

Alafu nikamuuliza, miezi ile mitatu waandika vibao walikua wanafanyaje? Hapa ndo nimepata hadithi yangu. Akasema walikua na kazi kuliko wakati wowote. Mitumbwi yote ipo nchi kavu, imekauka, kila mwenye mtumbwi anataka kupiga kalafati upya, kupaka rangi, kuandika jina lisomeke. Kazi imejaa ila hela hakuna hata moja, kwa sababu hela inatoka ziwani na ziwa limefungwa. Kwa hiyo unaandika kwa mkopo, wote wanakwambia ziwa likifunguliwa. Likafunguliwa, wakasema giza likirudi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo, sihitaji kifua kikuu. Kassimu anafanya kazi kutoka asubuhi mpaka jioni miezi mitatu, hajawahi kupata kazi nyingi hivi tangu fleksi ziingie, kila jioni anarudi na jina jipya na hana kitu mfukoni, na rangi analazimika kununua taslimu. Na Zuhura nae, maharusi yamepungua maana watu wanaooa ni walewale wenye mitumbwi, na hata harusi ikiwepo mwimbaji anategemea kutunzwa, sasa nani atamtunza noti mbele za watu mwezi wa sita ziwa limefungwa.

Nilipokua naaga baba mdogo akasema "na huyo mtu wako wa mwanzo aliekua anakohoa, ulimpata wapi? Baba yako hakukohoa hata siku moja."

Kweli. Baba alifariki 2017, presha, alianguka mchana. Alikua anaandika mtumbwi palepale Kibirizi, jina MAMA ROZI, alikua amemaliza MAMA. Mwenye mtumbwi akamalizia mwenyewe ile ROZI kwa brashi ya baba, herufi zimelala upande, na mtumbwi ukaendelea kuvua hivyohivyo miaka. Mi niliuona mara nyingi.

Hiyo siiweki kwenye hadithi. Naiandika hapa tu, na naandika pia kwamba nimeelewa leo nilikua nampa Kassimu kikohozi ili nipate nafasi ya kumlilia baba, kila ukurasa nimemlilia baba, ndo maana msomaji hakubakiziwa pa kukaa.

2 Machi

Rasimu ya nne imekamilika, imejengwa upya yote juu ya ule mkopo. Maneno 2,655. Machozi: sifuri. Moyo: mara moja, na ni "kwa moyo" yani kukariri. Nilijisikia mtu mwenye nidhamu kweli.

Mwalimu kaisoma kwa haraka, kairudisha. Akasema imenyooka, hesabu za madeni zinaeleweka, kufungwa kwa ziwa kunaeleweka. "Ila hawa ni mke na mume? Mi naona watu wawili wamepanga chumba kimoja kupunguza gharama."

Na dada wa saluni, ambae nilijua ataisifia, akasema saivi hujanishika kisogo, saivi umeniacha nje ya mlango.

9 Machi

Wiki nzima nimekua naogopa kuandika chochote chenye joto. Kila nikiandika Zuhura kamgusa Kassimu bega nafuta. Nilikua nimeamua kwamba huruma yenyewe ndo kosa, na hapo nilikosea, maana hawa watu nawapenda, kwa nini nijifanye siwapendi? Mjane wa sufuria alikua anampenda mume wake kuliko sisi wote tuliokua mle ndani.

Jana nilienda harusini, nikapata nafasi ya kuongea na mwimbaji mmoja mama mtu mzima, wakati wa kubadilisha nguo. Nyimbo anazoimba zinaliza, wanawake wanainuka na noti huku wanafuta macho na ncha za mitandio. Nikamuuliza mama we mwenyewe hulii? Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Nikilia sauti inakatika. Wao ndo wanalia, mimi naimba." Alafu akaongeza kwamba macho yake muda wote yako kwenye watu, anaangalia nani kainuka, wimbo umemgusa nani, ubeti gani aurudie.

Nimerudi nikaandika mpaka saa saba.

Zuhura ni mwimbaji, na mimi miezi miwili yote nimemuacha aimbe nje ya hadithi tu, harusini, msomaji hamsikii. Sasa nimeweka hivi. Kassimu anaandika madeni kwa chaki nyuma ya mlango, jina la mtumbwi na hela, yako kumi na nne. Jioni moja mwezi wa saba Zuhura anafua uani, anaanza kuyaimba. Anayaimba yale madeni kwa mahadhi ya taarabu, kwa madaha yote, anavuta sauti, Subira elfu ishirini, Riziki elfu kumi na tano, Tusemezane kalipa nusu, anarudia ubeti pale penye deni kubwa kama anavyorudia harusini akiona mtu kaingiza mkono kwenye pochi. Kassimu yuko ndani amelala chali kachoka. Anatoka, anachukua noti ya mia tano ya mwisho waliyonayo, anamtunza, anaibandika kwenye paji lake la uso lenye povu. Anaimba mpaka anamaliza kufua. Ile mia tano kesho yake inanunua chumvi na kiberiti.

Hapa msimuliaji hasemi kitu, hasemi walipendana, hasemi walisahau shida zao. Nilikua nimeandika "na kwa dakika chache walisahau kila kitu", nikaifuta, maana hawakusahau, walikua wanaziimba.

Hii niliandika nikiwa nacheka. Nilipoisoma tena asubuhi kibandani kabla wateja hawajaja koo lilinibana kidogo. Nimeiacha.

13 Machi

Mwisho mpya. Ziwa limefunguliwa, mwezi mkubwa, hakuna anaetoka. Kassimu na Zuhura wanasubiri kama wengine wote, mwezi unachelewa kutoka kila siku na kupungua, na siku giza linaporudi wanakaa nje usiku kuangalia. Taa zinaanza kuwaka ziwani moja moja. Wageni wakiziona wanasema ni kama mji juu ya maji, na hata mi nilishawahi kuandika hivo.

Zuhura anaanza kuhesabu. Ile pale Subira, elfu ishirini. Kassimu anasema Subira haiwezi kuwa kule, wale wanatega upande wa huku, ile ni Riziki. Wanabishana. Gizani hakuna jina linalosomeka, kazi yote ya miezi mitatu iko majini na haionekani, zinaonekana taa tu, na wao wawili wanagawana taa, hii elfu kumi na tano, ile elfu nane, ile pale mbali hatuijui labda ni ya Burundi.

Inaishia wanabishana.

Nilijizuia kwa nguvu zote nisiongeze sentensi. Niliandika tatu tofauti, ya kwanza ina upepo, ya pili ina mkono wa Kassimu juu ya mkono wa Zuhura, ya tatu ina alfajiri. Zote nimezifuta. Ile ya mkono niliifuta, nikairudisha, nikaifuta tena asubuhi. Mkono wake alishaushika kwenye mawese.

Dada wa saluni nimemsomea leo mchana saluni ikiwa na wateja wawili. Kwenye wimbo wa madeni mteja mmoja alicheka sana akasema huyo ni mimi na mume wangu. Kwenye taa wamenyamaza wote. Hakuna aliekaza shingo, na hakuna aliesema imemliza, dada aliuliza tu hivi Tusemezane alimalizia ile nusu?

16 Machi

Leo jioni nimemsomea mama.

Nilikua nimeiahirisha tangu Januari. Mama alikua amekaa kwenye mkeka anachambua mchele kwenye ungo, nikakaa pembeni nikasoma yote, kama dakika ishirini hivi. Kwenye mawese alisema "mm" akaendelea kuchambua. Kwenye wimbo alitabasamu, mama alikua haimbi lakini baba alikua anampigia mluzi. Kwenye taa mkono wake ulisimama kwenye ungo.

Nilipomaliza akauliza "walimlipa?"

Nikasema mama hadithi inaishia hapo, wanasubiri.

Akapepeta ungo mara mbili, akapuliza makapi. Akasema "baba yako, yule mwenye Mama Rozi hakumlipa. Alisema jina halikuisha. Elfu kumi na mbili." Alafu akaniambia niangalie maji jikoni kama yamechemka.

Yalikua yamechemka. Nimetia mchele, nimerudi chumbani nimefungua faili. Deni la Riziki lilikua elfu kumi na tano, nimelibadilisha pote, kwenye mlango, kwenye wimbo na kwenye taa. Sasa ni elfu kumi na mbili.

Maneno 2,918. Jumamosi nahamishia kwenye kompyuta ya mwalimu. Hadithi ya nne ni ya mama mfinyanzi, sijaianza.